Samaki Tuliowapakia Kwenye Mapipa

Mto wa kwetu haukuwa mkubwa. Ulishuka kutoka misitu ya milimani, ukapita kati ya mawe meusi makubwa, ukafika kijijini ungali na kasi, kisha ukatulia na kuingia bonde la Kilombero kama mito mingine yote. Wakati wa kiangazi mtu mzima aliweza kuuvuka kwa kurukia mawe bila kulowesha viatu. Lakini haukuwahi kukauka, hata miaka ile ya ukame ambayo wazee waliihesabia umri wa watoto wao.

Shangazi yangu alikuwa mvuvi wa mto huo. Wengi wakisikia hivyo hudhani naongea vibaya, maana uvuvi wa bondeni, wa mitumbwi na nyavu, ni kazi ya wanaume. Shangazi hakuwa na mtumbwi wala wavu. Alikuwa na migono, mitego ya fito za mianzi aliyoisuka mwenyewe mfano wa kapu refu lenye koo jembamba, ambamo samaki huingia asijue pa kutokea. Aliitega kati ya mawe jioni, akaitegua alfajiri kabla ya misa ya Jumapili au kabla ya kwenda shamba siku nyingine. Alikuwa mjane, Mpogoro wa upande wa Mahenge, mrefu, mwenye sauti ya chini. Ndiye aliyenilea mimi tangu mama yangu alipofariki, na mboga niliyokulia ilitoka ndani ya migono ile.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini walikuja watu wa umeme. Mkutano ulifanyika kwenye kiwanja cha shule. Mhandisi, mtu mzima mwenye kofia ya plastiki, alichora mto kwa kijiti chini mavumbini, akachora bomba pembeni yake.

"Maji hayapotei," alisema. "Yanaingia kwenye bomba pale juu, yanazungusha mashine kule chini, yanarudi mtoni. Hakuna tone linaloliwa."

Balozi wetu wa nyumba kumi alisimama. Alikuwa mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache. "Nimeelewa juu, nimeelewa na chini," alisema. "Na sisi tulio katikati?"

Mhandisi alitazama mchoro wake. Kijiji chetu kilikuwa pale alipokuwa amekanyaga kwa buti.

"Nyinyi mtaachiwa maji ya mazingira."

Watu walicheka. Hawakuwa na nia ya kumkejeli, ila hakuna aliyewahi kusikia maji yakiitwa hivyo. Mwanamke mmoja aliuliza kama ni ya kunywa au ya kufulia. Mhandisi naye alicheka, na mkutano ukaisha vizuri, kila mtu akiwa amefurahi. Mimi pia nilifurahi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimemaliza darasa la saba, nimejaribu ushonaji Ifakara nikashindwa, na kambi ya mradi ilikuwa inatafuta wapishi.

Nilipika hapo kambini kwa muda mrefu, huku milipuko ikipasua mwamba juu yetu na malori yakitimua vumbi hadi kwenye sufuria. Ndipo akaja bwana samaki.

Ndivyo tulivyomwita, kama anavyoitwa kila ofisa wa uvuvi nchini. Alikuwa kijana wa Kanda ya Ziwa, mwembamba, mwenye kucheka kwa aibu. Kazi yake ilikuwa kuangalia viumbe vya mto vitapatwa na nini maji yakihamishwa, na kupanga la kufanya. Alihitaji mtu wa kumtembeza mtoni. Nilimpeleka kwa shangazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuvua?"

"Nimekuja kuwatazama tu samaki."

"Watazame," alisema shangazi. "Wakati wapo."

Walipatana siku hiyo hiyo. Asubuhi nyingi niliwakuta wameinama pamoja kwenye maji, yeye amekunja suruali na shangazi amefunga kanga kiunoni. Kulikuwa na perege, ngogogo, kambare kwenye vidimbwi vya pembeni, na kulikuwa na samaki mmoja mdogo, mweusi, mwenye mdomo kama kikombe, aliyenata kwenye jiwe hata maji yakipiga kwa nguvu namna gani. Shangazi hakuwa na jina lake. Alimwita tu yule wa mawe. Bwana samaki alimpenda huyo kupita wote. Alinieleza kuwa samaki wa aina hiyo hupumua kwa sababu maji yanakimbia. Maji yakisimama, anakosa hewa kama mtu aliyezibwa pua.

"Sasa maji yakienda kwenye bomba?" nilimuuliza.

"Tutawahamisha," alisema. "Tunawapeleka kwenye mto mwingine unaofanana na huu. Nimeomba gari lenye tangi na mashine ya kupulizia hewa."

Alilisema kwa uhakika kiasi kwamba niliacha jiko nikaenda kufanya kazi kwake. Naikumbuka miezi ile kuwa mizuri. Nilijifunza kushika samaki bila kumchubua ute. Shangazi alikunywa chai ya kambini yenye maziwa ya unga, akailalamikia, akaomba nyingine.

Gari la tangi halikuja. Bwana samaki alikuwa akienda kwa mhandisi kila wiki kuuliza, na kila wiki alirudi akiwa amepewa kitu kidogo kuliko alichoomba. Mwishowe yalikuja mapipa, yale ya molasi kutoka kwenye mashamba ya miwa, na lori la kubebea kokoto. Tuliyasugua mapipa kwa mchanga na majivu mpaka mikono ikatoka malengelenge. Bado yalinuka utamu uliochacha.

"Na mashine ya hewa?" shangazi aliuliza.

Bwana samaki alinyanyua mikono yake miwili akaitazama. "Hii hapa," alisema.

Siku ya kufunga maji walipiga king'ora kule juu. Tulikuwa tumesimama mtoni, sisi watatu na vibarua wachache, tumeshika ndoo na nyavu za mkono. Kwa muda hakukuwa na mabadiliko yoyote. Kisha niliona mawe yanaongezeka. Yaliibuka moja moja, migongo myeusi inayong'aa, na mlio wa maji ambao nilizaliwa nao masikioni ukaanza kupungua. Ulipoisha kabisa nilisikia jogoo wa ng'ambo, na watu wakiongea mbali, na nzi. Shangazi alikaa chini juu ya jiwe. Nilidhani amejikwaa.

"Inuka mama," bwana samaki alimwambia taratibu. "Tusipowahi watakufa."

Mto ulibaki vidimbwi. Samaki walirundikana humo, migongo juu, wakipigana mikia. Tulianza kuwazoa, tukapanga mstari wa kupokezana ndoo hadi kwenye lori. Hatukufika mbali kabla kijiji kizima hakijateremka na makapu, matenga, masufuria, hata vyandarua. Siwalaumu. Ilikuwa mboga iliyolala wazi juani.

Balozi alikuja akasimama mbele ya bwana samaki. "Mnawapeleka wapi samaki wetu?"

"Tunawahamishia mto mwingine, mzee. Ili kizazi chao kisipotee."

"Mto wa nani?"

Bwana samaki alitaja mahali, mbele ya Kiberege.

"Kwa hiyo mmechukua maji, na sasa mnachukua samaki mnawapa watu wa huko. Na mimi nibaki na mawe."

Bwana samaki aliinamia ndoo yake. Niliiona aibu usoni mwake, na naamini balozi naye aliiona, maana alilegeza sauti. Shangazi ndiye aliyeingia kati. Alisema wanakijiji wachukue vidimbwi vyote vya chini, watuachie kile kirefu cha juu, chenye wale wa mawe. "Hao hata kuliwa hawafai," aliwaambia. "Ni vichwa vitupu." Wakakubali. Hivyo ndivyo tulivyogawana mto, wao wakala sehemu yao na sisi tukapakia yetu.

Safari ile sijaisahau. Tulipanda nyuma ya lori, kila mtu na pipa lake, na kazi yetu ilikuwa kuchota maji kwa kata na kuyamwaga tena pipani kutoka juu, ili yapate hewa. Chota, mwaga, chota, mwaga. Lori lilipoingia kwenye shimo maji yaliruka yakatulowesha wote, na jua likatukausha, na maji yakapungua. Shangazi alikuwa ameng'ang'ania pipa la wale wa mawe. Alichota bila kupumzika, akiwaongelesha kwa Kipogoro kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa.

Karibu na soko la Kiberege tairi lilipata pancha. Dereva, mwenyeji wa Tabora aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya miwa, aliteremka akatukana, akaanza kutafuta jeki. Hapakuwa na jeki. Ilibidi iazimwe kwenye gari jingine, na hapakuwa na gari jingine. Tukakaa juani. Akina mama wa sokoni walikuja kuchungulia.

"Mnauza?"

"Hatuuzi," nilijibu.

"Wengine wamekufa hawa. Utawapeleka wapi wafu?"

Nilitazama pipani kwangu. Perege walikuwa wameanza kulala ubavu, midomo ikifunguka na kufumba juu ya maji. Maji yalikuwa ya vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto. Bwana samaki alikimbilia bombani kuomba maji ya baridi, akarudi na ndoo, akaenda tena, akarudi. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Nilimwona ameingiza mkono kwenye pipa la shangazi, ameutoa, amekifungua kiganja. Walikuwa wamelala humo wale wa mawe, wadogo, laini, midomo yao ya kikombe imelegea.

"Wote?" niliuliza.

Shangazi aliendelea kuchota na kumwaga. Ilibidi bwana samaki amshike mkono. "Mama, basi. Basi, mama."

Tulifika tulikokuwa tunakwenda jua likiwa limeinama. Ulikuwa mto mzuri kweli, wenye mawe na kasi. Tulipoinamisha mapipa, walioogelea kwenda zao walikuwa kambare. Kambare anaweza kukaa kwenye tope, akapumua hewa ya juu, akatambaa kwenye majani usiku wa mvua akaenda bwawa jingine kwa hiari yake. Hakuhitaji lori wala sisi. Tulikuwa tumemwokoa yeye peke yake, ambaye hakuwa hatarini, na tumempeleka mahali ambapo kambare walikuwa wamejaa.

Bwana samaki alikaa ukingoni akavua viatu. Alicheka, kisha nikaona hacheki.

Tulijaribu tena. Tulisafiri alfajiri, tukafunika mapipa kwa magunia yaliyoloweshwa na majani ya migomba, tukabeba jeki yetu. Safari ya pili wale wa mawe wachache walifika hai, wanahesabika kwenye kiganja, na tuliwaona wakinata kwenye jiwe la ugenini. Shangazi alipiga kigelegele hadi dereva akapiga honi. Tulirudi tukiimba. Lakini kesho yake lori lilikuwa limepakia saruji.

Nilikuwepo bwana samaki alipokwenda kuuliza. Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Alitukaribisha viti, akaagiza soda.

"Kazi yako imefanyika, bwana," alisema. "Samaki wamehamishwa."

"Hawajahamishwa. Bado kuna dimbwi la juu."

"Kuna waliohamishwa?"

"Wapo, lakini..."

"Basi wamehamishwa. Na maji ya mazingira tumeacha. Nenda katazame."

Ilikuwa kweli, waliacha. Bomba dogo lilitokeza kwenye ukuta uliozuia maji kule juu, likitoa maji unene wa paja la mtu. Yaliposhuka hadi kijijini yalikuwa yamebaki kamba ya maji inayotambaa kati ya mawe. Mawe yalivaa ukoko wa kijani. Vidimbwi vilituama, na humo wakazaliana konokono na mbu. Baadaye kidogo watoto walianza kukojoa damu, na njia ya kwenda hospitali mjini ikawa haikauki wazazi. Kabla ya hapo kichocho kilikuwa ugonjwa wa watu wa mabondeni, wa wakulima wa mpunga. Sisi tulikuwa watu wa maji yanayokimbia.

Kisha ulikuja mwaka wa mgao wa umeme. Mijini walikuwa wanakaa gizani, redio ilisema hivyo kila siku, na kila tone lilitakiwa lipite kwenye mashine. Walifunga na lile bomba dogo. Mlinzi wa kambi alituambia ni kwa muda tu. Sisi wenyewe hatukuwa na umeme wa kukatiwa. Nguzo za chuma zilipita juu ya mashamba yetu, nyaya zikivuma wakati wa umande, zikielekea huko kulikokuwa na giza.

Bwana samaki alihamishwa mwaka huo. Alikuja nyumbani kuaga, ameshika sukari na majani ya chai. Shangazi alimpa kiti, akakaa yeye mkekani.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Wewe ulikuja na ndoo."

"Nilisema tutawahamisha."

"Ulisema." Shangazi alimsogezea chai. "Na ulichota maji. Nilikuona. Mwanangu, ukimzika mtu vizuri hafufuki, lakini umemzika vizuri."

Nilidhani maneno hayo yatamfariji. Yalimwumiza zaidi. Aliondoka bila kumaliza chai, na sikumwona tena. Nasikia aliacha kazi ya uvuvi, anafundisha sekondari kwao.

Nilipopata chumba Viwanja Sitini, Ifakara, nilimchukua shangazi. Hakubisha, na hilo lilinitisha, kwani alikuwa mbishi maisha yake yote. Mjini alikosa pa kuweka mikono. Aliamka alfajiri akakaa kibarazani mpaka nilipompa kazi ya kuchambua mchele. Baada ya muda akaenda mwenyewe kwenye mashine za kukoboa, akajiunga na akina mama wanaopepeta pumba kutafuta chenga. Alirudi jioni nywele na nyusi zimejaa vumbi la pumba, mweupe kama mtu aliyetoka tanuru la chokaa. Samaki wa sokoni hakuwagusa. Nilipika kitoga wa Malinyi, mnono, wa nazi, akasema amekula huko huko mashineni.

Halafu zilikuja mvua kubwa, zile zilizovunja madaraja na kuzamisha mpunga bonde zima. Mtu wa kijijini kwetu alipita akasema maji yamejaa kule juu hadi yanamwagika ukutani, mto umerudi. Shangazi aliinuka palepale.

Tulikwenda. Barabara ilikuwa matope, tulitembea sehemu kubwa. Tuliusikia kabla ya kuuona, mlio ule ule, nami nikashindwa kujizuia, nikalia kama mtoto. Mawe yalikuwa yamefunikwa. Maji yalipita ya rangi ya chai, kwa kasi, yakirusha povu. Shangazi aliazima migono kwa jirani, maana yake ilikuwa imeliwa na mchwa, akaitega kwa utaratibu wake wote, akafanya ishara ya msalaba juu ya kila mmoja.

Alfajiri akaitegua. Haikuwa na kitu. Akaitega pengine. Kesho yake pia. Tulikaa mpaka maji yalipoanza kupungua, na migono ilitoa majani, vijiti, na mara moja chura.

Nilimwambia labda ni mafuriko, labda wamejificha, labda watapanda kutoka bondeni taratibu. Alinisikiliza kwa heshima, kama alivyomsikiliza mhandisi.

"Ni maji tu haya," alisema.

Aliirudisha migono ya watu, tukaomba lifti kwenye lori la mbao hadi mjini.

Mwaka uliofuata yule dereva wa Tabora alinitafuta. Mradi mwingine ulikuwa unapima mto mwingine, mbali zaidi, na walihitaji mtu mwenye uzoefu wa kuhamisha viumbe. Alilitamka neno uzoefu kwa kunitania kidogo. Nilimwambia nitafikiri. Sikwenda, ila mtu asidhani nilikataa kwa msimamo. Kazi niliitaka. Shangazi alikuwa ameanza kukohoa, vumbi la mashineni lilikuwa limemwingia kifuani, na hakukuwa na mwingine wa kumkalisha juani asubuhi na kumgeuza kitandani. Nafasi hiyo alichukua mwanamke mwingine, mwenyeji wa huko huko kwenye mto, anayewajua samaki wake. Dereva aliniambia alikuwa mchapakazi sana, anashinda majini tangu asubuhi, na kwamba wamemwahidi gari la tangi.

Shangazi alikuwa amelala chumbani, mlango wazi. Sikujua kama amesikia. Nilimshukuru dereva kwa taarifa, nikaenda kumpashia uji.